Chuma cha Mbalamwezi

Siku tulipojaribu chombo chetu cha kwanza cha kupimia sumaku, fundi alinivua karibu kila nilichokuwa nacho isipokuwa heshima yangu. Saa ya mkononi, funguo, mkanda, simu, pini za nywele, vyote viliingia kwenye mfuko wa rambo tukauacha mbali, juu ya jiwe. Tulikuwa ufukweni, umbali wa kutosha kutoka soko la Mwigobero, Musoma, ambako fundi ana kibanda chake cha kutengeneza redio, simu na taa za wavuvi wa dagaa.

"Na hereni, madam," akasema.

"Hizi ni dhahabu. Dhahabu haishikwi na sumaku, somo hilo nalifundisha mimi."

"Dhahabu ya wapi, madam? Ya hapa hapa Mwigobero?"

Alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, na kila skrubu tuliyonunua aliipima kwanza kwa hiyo. Nilivua hereni moja nikampa kwa dharau. Akaisogezea sumaku, ikaruka ikaganda. Nikavua na ya pili. Tukarudi kutazama kompyuta, tuliyokuwa tumeiweka mwisho wa waya mrefu, tukakuta mstari wa vipimo kwenye kioo bado unayumba. Kila mara fundi alipoinama, mstari ulipanda, alipojiinua, ulishuka. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amesahau bisibisi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Nilicheka mpaka nikakaa chini mchangani, na hasira za hereni zikaishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Nyakato, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo na fundi analijua zaidi, maana tulijenga vyombo vitatu pamoja na tukagombana kwa kila kimoja. Kazi ilianzia kwa mhadhiri mmoja aliyewahi kunifundisha chuoni. Alikuwa anatafuta watu wa mikoani wa kujenga vyombo vya bei ndogo, vya kubebeka hata kwenye bodaboda, vya kupima hali ya anga za juu. Alituma vihisi, yaani vile vidude vidogo vinavyohisi sumaku, na kompyuta ndogondogo zisizozidi kiganja. Mengine yote, alisema, tujitafutie.

Watu wengi wakisikia "hali ya anga za juu" wanadhani napima mvua. Nawaelezaga hivi: jua halituangazii tu, linarusha pia upepo wa chembe zenye umeme. Upepo huo ukija kwa nguvu unaitikisa sumaku ya dunia, na mtikisiko huo unaweza kuvuruga redio, setilaiti, na vifaa vinavyowaonyesha njia marubani na manahodha. Dira ya kawaida haiwezi kuuona, mshale wake umezubaa mno. Chombo chetu kinauona. Lakini chombo kinachosikia mnong'ono wa jua kinasikia pia bisibisi mfukoni, na hapo ndipo tabu ilipo.

Kihisi tulikifunga ndani ya bomba la plastiki, lile la maji taka, tukaziba ncha zote mbili, tukalizika ardhini ili joto la mchana lisilisumbue. Kutoka hapo waya mrefu ulikwenda mpaka kwenye boksi la plastiki lenye ile kompyuta ndogo, betri ya sola na laini ya simu ya kutuma takwimu. Chombo kimoja tulikipeleka Bunda, kwa shemeji yangu anayelima pamba. Cha pili kilikwenda Butiama, kwa mwalimu mstaafu anayefuga ng'ombe, na ng'ombe hao wakaigeuza nguzo ya sola kuwa mahali pa kujikunia mpaka tukaizungushia miiba. Cha tatu nilikipeleka nyumbani, kata ya Suguti, ufukweni, kwa baba yangu.

Niseme ukweli, Suguti haikuchaguliwa kwa sayansi. Tangu mama afariki, baba alikuwa amenyamaza. Mtumbwi alikuwa amewakabidhi kaka zangu kwa sababu magoti yalikataa, na mtu aliyevua dagaa maisha yake yote akibaki nchi kavu anakuwa hajui mikono aiweke wapi. Nikimpigia simu alinijibu salamu nusu, akakata kabla sijauliza amekula nini. Kuniomba niende kumwona hakuwahi kuniomba hata mara moja. Baba yangu hamuombi mtu kitu, anaona ni kama kukopa. Nami nilikuwa na shule, mitihani, watoto, na kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Kwa hiyo nilipofika na bomba nikamwambia nahitaji mlinzi, nilikuwa namfikiria yeye kuliko chombo.

Nilimpa masharti mawili. Asijenge chochote cha misumari karibu na bomba, na mtu yeyote asilikaribie. Sababu sikumweleza, maana nilikuwa nawahi kurudi mjini, na yeye si mtu wa kuuliza. Aliitikia kwa kichwa. Nilipofika Jumamosi iliyofuata nilikuta amelijengea bomba kibanda nyuma ya nyumba, cha fito na nyasi, kimefungwa kwa kamba za katani kila kiungo, hakuna msumari hata wa dawa. Mlango wake ulikuwa wa matete. Nilikitazama kwa mbali, kwa sababu sharti lilikuwa langu na mimi wa kwanza kulitii, nikamsifu. Baba akajifanya hakusikia, ila jioni ile alikula vizuri.

Tangu siku hiyo simu zikabadilika. Akawa yeye ndiye anapiga, asubuhi, kabla sijaingia darasani. Boksi lilikuwa limening'inizwa ukutani mbele ya nyumba, na lina taa ya kijani inayowaka na kuzima.

"Mama, kinapumua," ananiambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Kimelala salama. Mbuzi wa jirani alikuja, nikamfukuza."

"Asante, baba. Umekula?"

"Nimekula sato. Utakuja Jumamosi?"

"Nitakuja kuchukua memori kadi."

Ilikuwa lazima niende. Ili kuokoa bando, chombo kilikuwa kinatuma wastani wa siku tu, namba moja, wakati vipimo vya kila dakika vilibaki kwenye memori kadi. Kila Jumamosi niliichomoa iliyojaa nikachomeka tupu, nikanywa chai na baba, tukazungumza habari za ziwa na za marehemu mama, mambo ambayo kwenye simu hayakuwahi kutoka. Sikuwa nimejua nilivyoyahitaji.

Wiki za mwanzo nilizifungua kadi zote. Nilitaka kuona kile kitu ambacho nilikuwa nakifundisha ubaoni bila kuwahi kukiona, na nikakiona: mstari unapanda taratibu asubuhi, unafika kileleni karibu na adhuhuri, unashuka alasiri, usiku unalala. Ni mkondo wa umeme unaopita juu sana angani mchana, katika ukanda wetu huu wa karibu na ikweta. Unapita juu ya Musoma, juu ya mashamba ya pamba ya Bunda, juu ya ng'ombe wa Butiama, na hakuna anayeusikia. Nilimwita mume wangu kutoka jikoni aje aone kilima chetu. Akasema ni kizuri, akarudi kwenye maharage yake.

Halafu ikaja mitihani ya muhula, na kadi zikaanza kujikusanya kwenye kikombe juu ya kabati. Nikawa natazama ule wastani wa siku tu. Na katika wastani wa Suguti nikaona jambo.

Namba zilikuwa zinapanda kidogokidogo kwa siku kadhaa, zinatulia juu, kisha zinashuka kidogokidogo mpaka zilipoanzia. Baadaye zinapanda tena. Niliweka kalenda pembeni, nikaona kwamba zinapanda mwezi ukinenepa na zinashuka mwezi ukikonda. Mwezi ule uliofuata ikawa vilevile. Nilikuwa nimesoma kwamba mwezi, kama unavyovuta maji ya bahari, unaivuta pia hewa ya juu kabisa na kuutikisa ule mkondo wa umeme. Nikasimama katikati ya sebule na rundo la karatasi za wanafunzi mkononi. Bomba la maji taka na skrubu za Mwigobero vilikuwa vimeushika mwezi.

Bunda na Butiama hawakuonyesha kitu cha namna hiyo. Hilo lingenishtua kama ningetaka kushtuka. Badala yake nikatunga maelezo: Suguti iko ufukweni, maji ya ziwa yanapitisha umeme kuliko udongo mkavu, kwa hiyo ni haki yake kuona kisichoonekana bara. Mtu akishapenda, chongo huita kengeza.

Nikampigia mhadhiri. Alisikiliza, akauliza maswali, akasema polepole, "Kama ni mwezi, mwalimu, ni jambo zuri sana, na nitakuweka uzungumze kwenye mkutano wetu. Kama si mwezi, basi pale Suguti pana uchafu, na itabidi chombo kihamishiwe kwenye shule yenye uzio na mlinzi." Mimi nikasikia nusu ya kwanza. Nilimpigia fundi, nikamtangazia, akasema, "Madam, nilikuambia lehemu zangu hazina mchezo." Jina langu likaandikwa kwenye ratiba ya mkutano.

Kwa ajili ya mkutano walitaka vipimo kamili, vya dakika kwa dakika. Nikakishusha kile kikombe kutoka kabatini.

Nilifungua kadi ya siku za mwezi kunenepa nikitarajia kuona mstari unapanda polepole, kwa adabu. Haukupanda. Ulikuwa umelala, halafu ghafla, asubuhi, ukaruka juu kwa wima na kulala tena pale ulipofikia. Siku ya pili, asubuhi tena, mruko mwingine. Nikafungua kadi nyingine, ya mwezi kukonda, nikakuta miruko ile ile inashuka, kipande kwa kipande. Zilikuwa ngazi. Wastani wa siku ulikuwa umezisawazisha mpaka zikaonekana kilima. Na mwezi haupandi ngazi.

Nilikaa kitandani maji yamenifika shingoni. Kulikuwa na aibu, ndiyo, ya kutangaza kabla ya kutazama, na nusu ya pili ya maneno ya mhadhiri sasa ilikuwa inapiga kelele masikioni: uchafu, uzio, kuhamishwa. Lakini kilichoniuma kuliko mkutano wote ni kumfikiria baba anaamka asubuhi, anatazama ukutani, taa ya kijani haipo. Nani angepiga simu tena? Angeniambia nini, kwamba yupo? Nilijua angenyamaza kama mwanzo, na mimi ningeanza tena kusema wiki ijayo.

Jumamosi ile ilikuwa mbalamwezi. Nilitoka Musoma mapema. Gari liliposhuka kuelekea ziwani niliona mitumbwi imepandishwa ufukweni mmoja baada ya mwingine, nyavu zimeanikwa, vijana wamekaa wanacheza drafti. Ni jambo ambalo nimeliona tangu nizaliwe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi usiku ambao mwezi unawaka, kwa hiyo giza likiwepo watu wako ziwani na mbalamwezi ikija wanapumzika nyumbani. Mama alikuwa akituambia nguo za shule mtanunuliwa kwenye giza. Niliitazama ile mitumbwi mpaka gari likaipita, na ndipo kitu kikanigonga. Mitumbwi yote ilikuwa mitupu nyuma. Haikuwa na injini.

Baba alinipokea mlangoni, akataka kunipa kiti.

"Baba, leo lazima niende pale kibandani."

"Si ulisema mtu asikaribie?"

"Nilisema."

Nikavua saa, pini, mkanda, nikaacha simu mezani. Hereni nilishaacha kuvaa. Nikazunguka nyumba, nikafungua mlango wa matete.

Injini zilikuwa zimelazwa kwenye maturubai safi, zimefunikwa nyavu chakavu kama watoto waliolala. Pembeni palikuwa na nanga, minyororo imekunjwa vizuri, madumu, ndoano ya kuvutia mtumbwi. Katikati ya mali yote hiyo, palepale nilipolizika bomba, udongo ulikuwa umefagiliwa. Hakuna aliyepakanyaga. Kila injini ina sumaku tumboni mwake, na zote zilikuwa zimelala hatua chache tu kutoka kwenye kihisi ambacho kilishindwa kuvumilia bisibisi.

Nilipiga kelele. Sitajitetea, nilipiga kelele kama niliyeona nyoka.

"Baba! Hivi vyuma ni vya nani?"

"Vya kaka zako. Na vya majirani." Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, hakusogea zaidi, maana hata wakati huo alikuwa anatii sharti. "Mbalamwezi wezi wanaibaga injini, mama. Mitumbwi inalala, watu wanalala. Sasa hapo ulisema pasikaribiwe. Kijiji kizima nimewaambia, hapo hapakanyagwi, ni pa serikali na mwanangu. Hata mbwa hapitagi. Tungeweka wapi tena pazuri kama hapo?"

Sharti lilikuwa langu. Nilikuwa nimetengeneza mahali salama kuliko pote katika kijiji cha wavuvi, halafu nikashangaa wavuvi wamepatumia. Nilisema watu wasikaribie, na hakuna mtu aliyekaribia zaidi ya baba, mara moja asubuhi, akibeba chuma.

Kicheko kilinianzia tumboni. Baba hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimekiharibu?" akauliza.

"Hujakiharibu. Kimeona injini badala ya mwezi."

"Watakiondoa?"

Ndilo swali nililokuwa nimelibeba njia nzima, na kulisikia kinywani mwake kulinimaliza. Nikamwambia sijui. Nikaenda mezani, nikachukua simu, nikampigia mhadhiri, baba akiwa amesimama pale pale, kwa sababu nilijua nikisubiri ningepata ujasiri wa kumwambia mmoja wao uongo.

Nilimweleza yote: giza, mbalamwezi, wezi, kibanda kisicho na misumari. Upande wa pili nikamsikia anashusha pumzi ndefu.

"Mwalimu, mimi silali kwa sababu yako. Bunda na Butiama hawauoni huo mwezi wako, na nilikuwa sijui nikuambieje. Ungeyasema haya baada ya mkutano tungezikwa kaburi moja." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikalazimika kukaa kwenye kile kiti nilichokuwa nimekikataa. "Una kompyuta hapo? Toeni chuma kimoja kimoja, kisha unitumie picha ya mstari. Mstari ukirudi ulipoanzia, pale ni pasafi, na chombo kinabaki. Usiporudi, tutakihamisha."

Habari ilifika ufukweni kabla sijamaliza kuunganisha waya kwenye boksi. Wenye injini wakaja, na drafti zao wakaziacha. Nilikaa barazani na kompyuta, baba akasimama kwenye kona ya nyumba ili aone kibandani na anione na mimi.

"Toa ya kwanza!" nikapaza sauti.

Kaka yangu akaibeba begani mpaka kule barabarani. Mstari ukashuka ngazi moja, safi, ukalala. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna.

"Ya pili!"

Ukashuka tena. Jirani mmoja akainama kutazama kioo. "Kwa hiyo hiyo iliyoshuka sasa ni yangu?"

"Ni yako."

"Chombo kinaijua?"

"Kimeijua tangu siku uliyoileta."

"Basi wezi wameisha kijiji hiki," akasema, na watu wakaangua kicheko.

Nanga zilitoka, minyororo ikatoka, ile ndoano ikatoka. Kila kitu kilikuwa na ngazi yake, kubwa au ndogo, na baba alikuwa anataja mwenye mali kila kinapopita, kwa sauti ya msomaji wa majina ya ubatizo. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilikuwa natazama mstari mmoja mwembamba niliouchora kwa penseli kwenye karatasi niliyoibandika pembeni mwa kioo, mahali vipimo vilipokuwa siku tulipozika bomba, na nilikuwa naomba. Kibanda kilipobaki kitupu, mstari bado ulikuwa juu kidogo ya penseli yangu.

"Baba, kimebaki nini?"

"Hakuna kitu."

"Kipo kitu."

Akatazama ndani. Akajitazama. Taratibu akainua shati, akachomoa kisu chake cha kuparulia samaki kwenye ala kiunoni, kile alichokuwa nacho tangu nikiwa mtoto na ambacho hata kanisani huenda nacho. Akampa kaka, kaka akakipeleka barabarani. Baba akarudi kwenye kona yake. Mstari ukatua palepale kwenye alama ya penseli, ukakaa.

Nililia. Sikuona sababu ya kujificha, nilikuwa nimefurahi na nimechoka. Nikaupiga picha mstari nikamtumia mhadhiri, naye akajibu kwa ujumbe mfupi: "Chombo kibaki." Nikausoma kwa sauti, na baba akauliza mara mbili kama ndivyo ulivyoandikwa.

Mkutanoni sikuzungumza juu ya mwezi. Nilionyesha ngazi, nikaeleza kila moja ni ya nini. Walicheka sana, kisha mwenzetu kutoka mkoa mwingine akanyoosha mkono akasema sasa ameelewa kwa nini mstari wake unaruka siku za Jumapili: bomba lake liko karibu na mahali waumini wanapoegesha baiskeli. Mwingine akamfuata na kisa cha mlinzi wake mwenye panga. Nilirudi Nyakato mwepesi, nikalala usingizi wa mtoto.

Mbalamwezi iliyofuata mstari wa Suguti ulikaa chini siku zote, na sikuwahi kufurahi hivyo kwa kuona kwamba hakuna kitu. Baadaye jua nalo likafanya kazi yake. Dhoruba ya sumaku ikaja, na Bunda, Butiama na Suguti wakaanguka pamoja, dakika ile ile, wakatetemeka pamoja, wakaanza kuinuka pamoja. Nilimwambia baba chombo chake kimeiona dhoruba. Akasema yeye alikuwa macho na hakuona kitu, ila kama chombo kimesema, sawa.

Injini za kijiji sasa zinalala sebuleni kwake, upande wa mbele, baada ya kupima kwanza na kuona mstari hautikisiki. Ukiingia unanusa petroli, na viti amevitoa nje, wageni tunakaa barazani chini ya boksi. Kila anayekuja anasimuliwa habari ya ngazi na ya kisu.

Mhadhiri alipata fedha kidogo za bando, kwa hiyo siku hizi chombo kinatuma chenyewe kila dakika. Naona mstari wa Suguti nikiwa jikoni kwangu. Memori kadi haina kazi tena, na sijapata nafasi ya kumweleza baba.

Jumamosi iliyopita nilifungua boksi, nikaichomoa, nikaipangusa na upindo wa kitenge, nikairudisha palepale. Baba alikuwa ananitazama, kikombe cha chai mkononi.

"Imejaa?" akauliza.

"Imejaa, baba."

Akanimiminia chai. "Na hii nayo itajaa mpaka Jumamosi?"

"Inajaaga," nikasema. "Kila Jumamosi inajaaga."